Je, Methadoni ni Unga Mwingine? Jinsi Dawa za Jamii ya Afyuni Zinavyofanya Kazi Ubongoni

Kila siku asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwamo, watu kutoka Sinza, Tandale, Manzese na Kijitonyama huelekea Hospitali ya Mwananyamala kunywa dawa. Kila mmoja huitwa dirishani, hutambuliwa, hupewa dawa ya maji katika kikombe kidogo, huinywa mbele ya mhudumu, kisha hurudi kwenye shughuli zake. Dawa hiyo ni methadoni. Wanaoinywa ni watu waliokuwa wakitumia heroini, ambayo mitaani huitwa unga.

Familia nyingi hupokea tiba hii kwa furaha mwanzoni, kisha shaka huingia. Chukulia mfano wa mama mmoja wa Sinza ambaye mwanawe mwenye umri wa miaka 30 ametimiza miezi minne katika tiba. Kijana amenawiri, haibi tena vyombo vya nyumbani, na amepata kazi ya kuosha magari. Mama anamfuata muuguzi na kumwuliza: "Sista, mwanangu ameshapona. Hii dawa ataiacha lini? Watu wanasema mmemtoa kwenye unga mkamtia kwenye unga wa serikali."

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini swali lake ni la haki, nalo lina jibu la kitabibu. Ili kulijibu, ni lazima kwanza kufahamu unga hufanya nini ubongoni, methadoni hufanya nini, na kwa nini dawa mbili zinazogusa mahali pamoja huleta matokeo yasiyofanana.

Afyuni ya mwili wenyewe

Ubongo umeundwa kwa mabilioni ya seli za neva. Seli hizo huwasiliana kwa kemikali: seli moja hutoa kemikali, kemikali huvuka upenyo mdogo, kisha hunasa kwenye kipokezi cha seli ya pili. Kipokezi ni protini iliyo juu ya seli, yenye umbo linalokubali kemikali ya aina fulani, kama kitasa kinavyokubali ufunguo wake.

Mwaka 1973, Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walionyesha kwamba ubongo una vipokezi vinavyonasa dawa za jamii ya afyuni. Ugunduzi huo ulizua swali: kwa nini ubongo wa binadamu uwe na kitasa cha ufunguo unaotoka kwenye utomvu wa mmea wa mpopi? Jibu lilipatikana mwaka 1975, pale John Hughes na Hans Kosterlitz, wakifanya kazi mjini Aberdeen, Uskoti, walipotambua kemikali zinazotengenezwa na ubongo wenyewe na kutumia vipokezi hivyohivyo. Baadaye zikatambuliwa nyingine, zikiwamo zile ziitwazo endofini.

Kemikali hizi ndizo afyuni ya mwili. Hupunguza maumivu, hutuliza hofu, na huchangia ile hali ya kuridhika anayoipata mtu baada ya kula akiwa na njaa au anapokuwa na watu anaowapenda. Vipokezi vyake vikuu, viitwavyo myu, vimo katika sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu na raha. Vimo pia katika shina la ubongo, mahali panapoongoza upumuaji, na katika utumbo. Ndiyo maana dawa yoyote ya jamii hii, iwe mofini ya hospitalini, iwe unga wa kijiweni, huondoa maumivu, huleta raha, hupunguza kasi ya kupumua na husababisha choo kigumu.

Unga unapofika ubongoni

Heroini hutengenezwa kutokana na mofini. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, kabla madhara yake hayajafahamika vyema. Tofauti yake kuu na mofini ni kasi. Heroini huyeyuka kwa urahisi katika mafuta, kwa hiyo huvuka haraka ukuta unaokinga ubongo dhidi ya vitu vilivyomo katika damu. Ikisha kuvuka, hugeuzwa kuwa mofini na kemikali nyingine inayofanana nayo, na hizo ndizo hunasa kwenye vipokezi vya myu. Ikichomwa kwa sindano, mtumiaji huhisi nguvu yake katika muda wa sekunde. Ikivutwa pamoja na bangi na tumbaku, mchanganyiko ambao vijana huuita kokteli, hufika upesi pia.

Katikati ya ubongo kuna seli zinazotoa dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo lililotokea ni muhimu na lafaa kurudiwa. Kwa kawaida, seli nyingine huzizuia seli hizo, mithili ya breki ya gari. Unga hulegeza breki. Dopamini humwagika kwa kiasi na kwa kasi ambayo chakula, kazi au mapenzi haviwezi kuleta. Ubongo huandika kumbukumbu nzito: kijiwe, rafiki, kete, kiberiti, hata harufu ya moshi, vyote huunganishwa na raha hiyo. Miaka mingi baadaye, kupita tu kwenye uchochoro uleule kunaweza kuamsha hamu kali. Jambo hilo halitokani na udhaifu wa tabia wala ukosefu wa malezi, kwani ni mafunzo ambayo ubongo umeyapata kwa njia ya kemikali.

Jijini Dar es Salaam unga ulianza kuonekana katika miaka ya 1980, nao ulikuwa wa kahawia na wa kuvuta. Kuelekea mwaka 2000 ulienea unga mweupe, ambao huyeyuka kwa urahisi katika maji, na matumizi ya sindano yakaongezeka. Kushirikiana sindano kulileta maambukizi ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini kwa kiwango kilichozidi kwa mbali kile cha jamii kwa jumla. Hali hiyo ndiyo iliyosukuma kuanzishwa kwa tiba. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya kwanza ya methadoni ya umma nchini. Mwananyamala ikafuata, kisha Temeke, na baadaye mikoa mingine.

Arosto: ubongo ukidai deni

Ubongo haukubali kusukumwa upande mmoja kila siku bila kujibu. Unapoona vipokezi vyake vimejazwa bila kukoma, hupunguza mwitikio wake. Kete iliyotosha mwezi uliopita haitoshi tena. Huko ndiko kuzoea dawa, nako humfanya mtumiaji aongeze kiasi.

Jibu la pili la ubongo huonekana unga unapokosekana. Katika shina la ubongo kuna kundi la seli zinazotoa noradrenalini, kemikali inayouweka mwili katika hali ya tahadhari. Unga huzituliza seli hizo. Kwa kuwa zimetulizwa kwa miezi au miaka, seli huongeza nguvu ya mitambo yake ya ndani ili kuendelea na kazi. Siku unga usipofika, nguvu hiyo yote hufumuka bila kizuizi. Saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, makamasi na machozi hutiririka, jasho hutoka, mboni za macho hupanuka, vinyweleo husimama, tumbo huuma na kuharisha, mifupa huwaka, na usingizi hutoweka. Hali hii, iitwayo arosto, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa wiki moja hivi.

Kufikia hapo, mtumiaji hatafuti raha tena. Anatafuta kuwa sawa kwa saa chache. Unga hukaa mwilini kwa muda mfupi, hivyo siku yake hugawanyika katika vipindi vya saa nne hadi sita: kulewa, kutulia kidogo, kuanza kuumwa, kusaka pesa, kuchoma tena. Ubongo hupandishwa na kushushwa mara kadhaa kila siku. Sehemu yake ya mbele, inayohusika na kupanga, kupima madhara na kujizuia, haipati nafasi ya kufanya kazi yake. Wizi wa vyombo vya nyumbani, ambao huwaumiza wazazi kuliko jambo lolote, huzaliwa ndani ya mzunguko huo.

Wengi hudhani kwamba arosto ikiisha uraibu umekwisha. La hasha. Arosto huisha kwa siku, lakini mabadiliko ya ubongo katika mambo ya hamu, msongo wa mawazo na kujizuia huchukua miezi mingi au miaka kurekebika. Aliyefungiwa ndani wiki mbili hadi mwili ukatulia bado ana ubongo uleule uliofunzwa na unga.

Kipokezi kilekile, mwendo tofauti

Methadoni haitokani na mpopi. Ilitengenezwa maabara nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1965 Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha taarifa za kwanza za kuitumia kutibu uraibu wa heroini, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya tiba hiyo.

Ni kweli kwamba methadoni hunasa kwenye vipokezi vya myu, vilevile vinavyonaswa na unga. Hapo majirani wa mama wa Sinza hawajakosea. Kinachotofautiana ni kasi ya kupanda na muda wa kukaa. Methadoni inayonywewa hupitia tumboni na kufikia kilele katika damu baada ya saa 2 hadi 4. Kwa sababu hupanda polepole, haileti ule mshtuko wa dopamini unaoufunza ubongo kurudia. Kisha hukaa. Kwa wastani huchukua takriban siku nzima kiasi chake katika damu kupungua kwa nusu, ingawa muda huo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Dozi ya leo humkuta mgonjwa akiwa bado na sehemu ya dozi ya jana.

Matokeo yake ni kiwango kilicho karibu sawa, mchana na usiku. Seli za noradrenalini hutulia, kwa hiyo arosto haiji. Vipokezi vimeshikwa, kwa hiyo hamu hupungua. Tena, mgonjwa aliyefikia dozi ya kutosha akijaribu kuchoma unga, haupati athari aliyoizoea, kwa kuwa vipokezi vina mpangaji na mwili umeshazoea dawa za jamii hiyo. Ubongo uliokuwa ukipandishwa na kushushwa kutwa hupata utulivu. Usingizi hurudi, hamu ya kula hurudi, na sehemu ya mbele ya ubongo huanza tena kupanga mambo ya kesho. Mgonjwa mwenye dozi sahihi halewi. Hufanya kazi na kulea watoto kama watu wengine.

Mgonjwa huyo bado anaitegemea dawa, maana akiiacha ghafla ataugua. Ila utegemezi wa mwili na uraibu ni mambo mawili. Uraibu ni kuisaka dawa bila kujizuia huku ikiharibu maisha. Mtu mwenye kisukari huitegemea insulini, na hakuna amwitaye mraibu.

Kwa nini dozi hupandishwa polepole

Wagonjwa wengi hulalamika siku za mwanzo kwamba dozi ni ndogo na arosto haijaisha. Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini kuharakisha kunaweza kuua. Kwa kuwa methadoni hukaa mwilini, dozi ya pili hujilimbikiza juu ya ya kwanza, na ya tatu juu ya hizo mbili. Huchukua takriban siku tano kiwango kutulia. Dozi inayoonekana ndogo siku ya kwanza yaweza kuwa kubwa mno siku ya nne bila kuongezwa hata tone. Kwa sababu hiyo siku ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 30, na nyongeza hufanywa kwa hatua, mgonjwa akichunguzwa. Wengi hutulia wanapofikia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Kupewa kidogo kuliko mahitaji si usalama pia, kwani mgonjwa mwenye arosto ya jioni hurudi kijiweni.

Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari zaidi, hasa kwa anayechanganya dawa na pombe, diazepamu au vidonge vingine vya usingizi. Kila kimoja kati ya hivyo hupunguza upumuaji kwa njia yake, na vikikutana shina la ubongo laweza kusahau kuamuru pumzi.

Kwa sababu hiyohiyo, mgonjwa aliyekosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi hapewi dozi yake ya zamani dirishani. Mwili umeanza kupoteza mazoea. Daktari humpima upya, na mara nyingi humrudisha kwenye dozi ndogo. Hiyo si adhabu.

Dawa zinazogongana na methadoni

Methadoni huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini. Dawa nyingine zinaweza kuviharakisha au kuvizuia vimeng'enya hivyo, na jambo hili linawahusu sana wahudumu wa vituo vya afya ambako wagonjwa hawa hutibiwa maradhi mengine.

Rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, huharakisha uvunjwaji wa methadoni kwa nguvu. Mgonjwa aliyetulia anaweza kupata arosto ndani ya siku chache tangu aanze tiba ya kifua kikuu, ingawa dozi yake haijapunguzwa. Asipoelezwa, hudhani methadoni imechakachuliwa, naye huacha zote mbili. Kliniki ya methadoni iarifiwe kabla ya kuanza rifampisini ili dozi iongezwe kwa mpango, na iarifiwe tena inapokoma ili dozi ipunguzwe, kwani vimeng'enya vikitulia kiwango cha methadoni hupanda. Efavirenzi na nevirapini, miongoni mwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hufanya hivyohivyo. Dolutegravir haina tatizo hilo. Dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni huharakisha pia, ilhali flukonazoli huweza kupandisha kiwango.

Methadoni yenyewe ina athari zake. Choo kigumu, jasho jingi na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa ni za kawaida. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye dozi kubwa, huweza kuvuruga umeme wa moyo. Kuzimia au mapigo ya moyo kwenda mbio yaripotiwe mara moja. Kwa mwanamke, hedhi iliyopotea wakati wa unga mara nyingi hurudi, kwa hiyo ushauri wa uzazi wa mpango utolewe mapema. Akipata ujauzito asiache methadoni, kwa kuwa arosto humhatarisha mtoto aliye tumboni. Mtoto akizaliwa anaweza kuonyesha dalili za kukosa dawa, nazo hutibika hospitalini.

Dalili za hatari

Mtu aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni huonyesha mambo matatu: haamki akiitwa au akitikiswa, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, na pumzi huwa chache au za kukoroma. Apewe pumzi za msaada ikiwa hapumui vyema, alazwe kwa ubavu akianza kupumua mwenyewe, na akimbizwe hospitalini. Kummwagia maji au kumnywesha maziwa hakusaidii, na kunaweza kumpalia. Hospitalini hupewa nalokisoni, dawa inayoziondoa dawa hizo kwenye vipokezi. Wahudumu wakumbuke kwamba nalokisoni huisha nguvu ndani ya saa moja au mbili, ilhali methadoni huendelea kukaa. Mgonjwa aliyeamka asiruhusiwe kwenda nyumbani mapema.

Anayepewa dozi za kunywea nyumbani azifungie kwa kufuli. Dozi ya kawaida ya mtu mzima aliyezoea inaweza kumwua mtoto.

Jibu kwa mama wa Sinza

Ikiwa kijana wa miezi minne ataachishwa leo, mambo mawili yatatokea. Kwanza, arosto ya methadoni itaanza baada ya siku moja au mbili na kuendelea kwa wiki kadhaa, wakati ubongo wake bado haujapona mafunzo ya unga. Wengi katika hali hiyo hurudi kijiweni. Pili, na hili ndilo la kutisha zaidi, mwili wake utakuwa umepoteza mazoea. Kete aliyoimudu zamani itamkuta mwili wake ukiwa kama wa mgeni, na anaweza kuacha kupumua usiku huohuo. Ndiyo hatari ileile inayowakabili wanaotoka gerezani, au wanaotoka katika nyumba za upataji nafuu baada ya kukaa bila dawa kwa miezi.

Muuguzi aweza kumjibu hivi: "Mama, uliyoyaona kwa mwanao ni kweli, amepata nafuu, na nafuu hiyo imeshikiliwa na dawa. Tumwache ubongo wake upone kwanza. Siku akiwa na kazi, na usingizi mzuri, na hamu imekwisha muda mrefu, yeye mwenyewe akitaka kuacha, daktari atampunguzia kidogo kidogo kwa miezi. Na akihitaji kuendelea miaka mingi, si aibu."

Tiba haina ukomo uliopangwa kwa wote. Kwa wengi, kuzungumzia kuacha kabla ya mwaka mmoja au miwili ni mapema. Wakati huo wote dawa peke yake haitoshi: ushauri nasaha, kazi, na nyumba inayompokea mtu bila kumwita teja ndivyo huupa ubongo mambo mapya ya kujifunza. Mama anayemwamsha mwanawe saa kumi na mbili asubuhi na kumpa nauli ya daladala ya kwenda Mwananyamala anashiriki katika tiba hiyo.

Tiba hii hutolewa bila malipo katika kliniki za umma. Anayetaka kuanza, au familia inayotaka kumsaidia ndugu yake, ifike kliniki ya methadoni iliyo karibu, au iulize katika kituo cha afya cha mtaa ili ielekezwe kwa asasi za kijamii zinazowaandaa wagonjwa na kuwafikisha kliniki.